Phelister Akech na Dari Yetu ya Jipsam

Wanawake wengi wa mtaa wetu wa Baba Dogo wakiingia jikoni hunusa kwanza. Phelister Akech hanusi. Huingia akitazama juu, kama mtu anayetafuta paa linavuja wapi, kisha huteremsha macho kwenye mabomba. Wasiomjua husema anaringa. Mimi namjua mwaka wa kumi na sita sasa. Kuringa anaringa, lakini kwa mambo mengine.

Alikuja Nairobi akiwa na miaka ishirini, akafikia kwa shangazi yake. Akafulia watu nguo mwaka mzima, ndipo akapata kazi ya kufagia katika kiwanda kimoja cha mafuta ya kupikia. Kiwanda chenyewe kilishafungwa. Watu hudhani yale mafuta ya kopo, yale magumu, yanatoka kwa mmea yakiwa magumu. Si kweli. Hutoka yakiwa maji, na ili yagande huchanganywa na gesi inayoitwa hidrojeni ndani ya mtungi mkubwa wenye moto chini. Gesi hiyo ilikuwa na nyumba yake peke yake nyuma ya kiwanda, imezungushiwa uzio, na wafagiaji wote walikuwa wameikataa. Phelister akasema yeye ataifagia.

"Si ushujaa," aliwahi kuniambia. "Nilifika nikiwa wa mwisho, wenzangu walikuwa wameshagawana pahali pazuri."

Humo ndani alimkuta mzee Odero, mwendeshaji wa mtambo. Odero alikuwa akitembea kandokando ya mabomba ameshika ufagio wa nyasi mbele yake, nyasi zikiwa mbele, mpini nyuma, polepole, kama kipofu na fimbo. Phelister akadhani mzee amelewa. Siku ya tatu, saa sita mchana, jua kali, akaona ncha ya ufagio ikishika moto hewani, mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote cha kuonekana. Odero akarudi hatua mbili, akafunga valvu, akauzima ufagio kwenye ndoo.

"Umeona?" akamwambia. "Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiwaka mchana moto wake huuoni. Hata joto lake halikufikii vizuri mpaka umeshaingia ndani yake. Ufagio uungue, wewe ubaki."

Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi wake. Macho ya Odero yalipoanza kuchoka, Phelister ndiye aliyemsomea mishale ya vipimo. Odero alipostaafu, Phelister akaiendesha ile nyumba miaka kumi na mmoja bila mtu kuungua hata unyusi, na karatasi ya mshahara ikaendelea kuandika "mfagiaji". Nilimuuliza mbona hakulalamika. Akasema alilalamika sana, wakamwongezea ufagio.

Kiwanda kilipofungwa akaja kwetu. Sisi ni kikundi cha wanawake kumi na wanne, tunawapikia wafanyakazi wa viwanda vya hapa: chapati, maharagwe, githeri, ugali na sukuma. Tulianza na makaa, tukakohoa miaka mingi, tukahamia mitungi ya gesi, na bei ikipanda tulirudi makaa. Nitasema wazi kwamba Phelister hajui kupika chapati. Zake zina pembe. Lakini hakuna jiko lililowahi kumharibikia mkononi, kwa hiyo tulimvumilia.

Halafu mwaka juzi wakaja watu wa mradi. Wakakodi ghala tunalopikia, wakajaza paa sola upande wote unaotazama jua, wakaleta mashine yenye ukubwa wa kabati mbili inayochukua maji na kuyapasua kwa umeme wa hizo sola. Oksijeni inaachiliwa iende zake, hidrojeni inakwenda kwenye matangi yaliyofungiwa nje nyuma ya wavu. Kutoka hapo bomba linaingia jikoni. Ukiichoma, kinachobaki ni mvuke wa maji. Hakuna moshi, hakuna masizi, hakuna mkaa wa mtu kukata mti. Wanawake wakaiita gesi ya maji.

Injinia wao ni mwanamke, Kate Waringa, mdogo wa umri kuliko kifungua mimba wangu. Siku ya mkutano nikanyoosha mkono.

"Injinia, mimi niliishia darasa la saba, lakini swali ninalo. Umeme mmetoa juani. Mnautumia kupasua maji, mnapata gesi, gesi mnaichoma ipike. Si mngepikia huo umeme moja kwa moja, mkaacha maji ya watu?"

Wenzangu wakanikanyaga mguu. Kate hakukasirika. Akasema swali hilo hata mabosi wake hawapendi kuulizwa. Akasema ukitia sehemu kumi za umeme kwenye ile mashine, unatoka na gesi ya sehemu sita au saba hivi, zingine zimepotea kama joto. Ukitaka kuirudisha gesi hiyo iwe umeme tena, unabaki na tatu, nne kwa bahati. Kwa hiyo mchana, jua likiwaka, tutapika kwa majiko ya umeme, ndivyo ilivyo busara. Gesi ni ya kuweka. Ni ya saa kumi na moja alfajiri, tunapokanda unga na jua halijaamka, na ya zile wiki za Julai ambazo Nairobi haioni jua na betri zimechoka.

"Na maji?" nikauliza. "Hapa mfereji unatoka Jumanne na Ijumaa."

"Mtungi wa lita ishirini wa maji safi," akasema, "unatoa gesi ya kupika karibu kama ule mtungi wenu wa kilo sita. Lakini maji ya kisima hapa yana chumvi, lazima yachujwe kwanza, na chujio linatupa karibu nusu. Nafasi nayo ni shida. Gesi hiyo ya mtungi mmoja mdogo, kwenye matangi yetu, inataka nafasi ya tangi la maji la lita elfu moja. Ni nyepesi mno, haipendi kubanwa."

Hapo nikamwamini. Mtu anayekuuzia kitu kibaya hakuambii ubaya wake.

Mwishoni akauliza kama kuna aliyewahi kufanya kazi na hidrojeni. Akauliza kwa adabu tu, alishajua jibu. Phelister akasimama, mikono ina unga.

"Bomba lenu la kuingia jikoni mmeweka maungio mangapi?" akauliza.

"Tisa."

"Mengi. Kila ungio ni mlango. Na gesi hii inapita pale ambapo hata maji hayapiti."

Kate akafungua daftari lake.

Maungio yakapunguzwa yakawa manne, na Phelister akaandikwa kazi ya kuendesha mtambo kwa majaribio, miezi mitatu. Akanunua ovaroli kwenye soko la mitumba la Gikomba, ya buluu, nzito, yenye jina la kizungu kifuani ambalo hatujui kulisoma. Asubuhi anazunguka mabomba na brashi ya povu la sabuni, anapaka kila ungio, anangoja aone kama litatoa vipovu. Hata nyumbani walimwona mtu mpya. Binti yake Maurine aliniambia mama yake ameanza kuimba akipiga pasi.

Lakini mwenyekiti wa mradi, Bwana Kweyu, hakuridhika. Alitaka mtu mwenye cheti. Si mtu mbaya, ni mtu wa makaratasi. Akasema miezi mitatu ikiisha kutakuwa na ufunguzi rasmi, wageni watakuja, na siku hiyo ndiyo atakayotangaza mwendeshaji wa kudumu. Kama Phelister atakuwa ameshika kazi bila doa, atamfikiria. Kama sivyo, kuna mwenye diploma anangoja. Phelister ana miaka hamsini na moja. Kiwanda kingine cha kumchukua hakipo.

Sasa nije kwa dari.

Wiki ya mwisho kabla ya ufunguzi, Kate alikuwa safarini na Phelister alikuwa ameenda kwao kuzika shemeji yake. Tukabaki sisi na ghala. Paa la ghala lilikuwa mabati matupu, na kule kileleni watu wa mradi walikuwa wameacha uwazi kutoka mwanzo hadi mwisho, wakaufunika kwa bati lingine lililoinuliwa kidogo. Mvua haikuingia, lakini njiwa waliingia. Mimi ndiye niliyesimama kwenye kikundi nikasema: wageni watatoka mbali na magari yao, watainua macho, wataona nyumba ya kuku. Tuweke dari. Tukachanga. Kila mmoja alitoa, hata wale ambao hutoa kwa kusukumwa.

Fundi alikuwa Austine, mtu anayejua kazi yake, dari za nusu ya maduka ya hapa ni zake. Kwa siku tatu akatuwekea dari ya jipsam nyeupe, imekatwa ngazi mbili, na taa kumi na mbili ndogo zimezama ndani. Tulipoziwasha, Celine mweka hazina alitoa kitambaa akajipangusa macho. Kulikuwa na kidude cha kunusa gesi ambacho kilikuwa kimefungwa juu kileleni. Dari ingekificha. Austine akakiteremsha, akakifunga ukutani karibu na mlango, kwa kimo cha goti.

"Cha gesi hukaa chini, mathe," akaniambia. "Na hapa wageni wataona taa yake ya kijani."

Nikaona ana akili. Maana hivyo ndivyo tulivyofunzwa sote. Mtungi wa kawaida ukivuja, gesi hulala sakafuni, ndiyo maana jikoni tunatoboa matundu chini ya ukuta.

Siku ya ufunguzi Phelister akafika saa mbili asubuhi, moja kwa moja kutoka kwa basi la usiku, ovaroli ndani ya mfuko. Tenti ilikuwa imesimama, viti vimepangwa. Nilimshika mkono nikamwingiza jikoni kama bibi harusi.

"Tazama," nikamwambia.

Akatazama juu, kama kawaida yake. Nikaanza kumweleza bei.

"Mama Sydney," akasema, "ule uwazi wa paa uko wapi?"

"Uko juu ya dari. Hakuna atakayeuona."

"Hata gesi haitauona."

Akazima umeme wote. Akafungua milango yote miwili. Akachanganya povu, akavaa ovaroli juu ya nguo zake za safari, akafungua valvu kidogo tu, akapaka maungio moja moja. Matatu yakanyamaza. La nne, la juu, ambapo Austine alikuwa amepitisha chuma cha kushikia dari, likatoa kipovu, kikafuatwa na kingine, vidogo kama mate ya mtoto. Akafunga valvu, akafunga na ile kubwa ya nje, akatia ufunguo mfukoni.

"Ndio hivyo tu?" nikasema. "Kaza na spana, tuendelee."

"Kukaza nitakaza. Lakini leo ni hili, mwezi ujao litakuwa lingine. Gesi hii ni nyepesi kuliko kitu chochote. Ikitoroka inakimbia juu. Ule uwazi ndio mlango wake, inatoka inaenda kwa Mungu, hakuna anayejua. Nyinyi mmeufunga. Sasa itapanda kwenye matundu ya taa zako, ikae kati ya jipsam na mabati, pamoja na nyaya kumi na mbili za umeme. Na yule wa kunusa mmemweka magotini. Atanusa viatu."

Austine alikuwa mlangoni. "Lakini iko kijani, mathe."

"Itakuwa kijani mpaka paa liondoke," Phelister akamjibu. "Wewe sikulaumu. Ulifanya kama mtungi wa kilo sita. Kosa ni langu kusafiri."

Nilikasirika. Niliandike kama lilivyokuwa. Nilimwambia yeye kila kitu lazima kiwe na kasoro, kwamba amekuja kutuharibia siku, kwamba ni wivu kwa kuwa hakuwepo tulipochanga. Phelister akampigia Kate simu, akaiweka sauti wazi. Kate alikuwa njiani, amekwama kwenye msongamano.

"Injinia, wamefunga dari."

"Dari gani?" Kate akasema. Kisha: "Mama Maurine, usifungue chochote. Nakuja."

Aliyefika kwanza ni Bwana Kweyu, na wageni nyuma yake. Wageni wakakaa kwenye tenti, wakapewa soda. Kweyu akaingia jikoni, suti nyeusi, akasifu dari. Nikaona aibu na fahari kwa pamoja. Phelister akamweleza, kwa maneno machache. Kweyu akatazama kile kidude cha goti, akatazama saa.

"Mama, watu wamekaa. Injinia yuko barabarani. Umesema hilo ungio unaweza kulikaza. Likaze, uwashe dakika tano, wapige picha, uzime. Dari tutazungumza kesho."

"Siwashi."

"Dakika tano."

"Hata nusu, Mwenyekiti. Na dari hii juu yangu, siwashi."

"Unajua leo natangaza nini?"

"Najua."

"Basi nipe ufunguo, kuna mtu mwingine anaweza kufungua."

Phelister akaweka mkono juu ya mfuko. "Ufunguo nitampa Injinia akifika. Barua ya kunifukuza ukitaka kuandika, andika. Lakini sababu uiandike yote."

Kweyu akatoka nje kupiga simu. Tukabaki sisi wanawake, tumevaa sare mpya, hakuna anayemtazama mwenzake. Saa nne na nusu, saa ya ufunguzi, ilikuwa inakaribia. Nikamwambia Phelister, kwa sauti ya chini, "Kama unaona ni hatari hivyo, mbona usiibomoe?"

"Si yangu," akasema. "Mmeichanga. Mimi siwezi kupiga jasho la Celine kwa fimbo. Naweza tu kukataa kuwasha."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoishiwa na pahali pa kukaa. Mtu alikuwa anapoteza kazi yake ya mwisho duniani mbele ya macho yangu, kwa sababu ya jambo nililolianzisha mimi, na bado anaheshimu mchango wangu. Nikawatazama wenzangu. Celine akatikisa kichwa kwamba hapana, halafu akaangalia zile taa, halafu akavua viatu vyake vya kisigino akapanda meza.

"Leteni mti wa kupigia deki," akasema.

Mimi ndiye niliyepiga ya kwanza. Jipsam haivunjiki kwa heshima. Inashuka vipande vikubwa, na vumbi lake ni kama unga uliomwagwa kutoka ghorofani. Tukapiga, tukavuta, Austine mwenyewe akaja na nyundo akiguna kwamba kazi ya siku tatu, jamani, siku tatu. Wageni wakasimama kwenye tenti na soda zao. Kweyu akakimbia ndani na simu bado sikioni, akatoka mweupe kuanzia mabegani kwenda juu. Kate alipofika alitukuta wanawake kumi na wanne wenye rangi moja, na uwazi wa paa ukiingiza mwanga tena.

Hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa lile ungio la nne, akalikagua, kisha akampa Phelister spana, akakaa kando. Austine akapanda ngazi akarudisha kile kidude kileleni, safari hii akiuliza kila skrubu iende wapi. Phelister akapaka povu mara tatu. Kisha akatuambia tufagie sakafu yote na kuipiga maji, vumbi lisiingie kwenye majiko. Tulimaliza saa tisa. Nusu ya wageni walikuwa wameondoka.

Akafungua valvu. Akawasha jiko la kwanza, na kama kawaida hatukuona moto, tuliona tu ule wavu wa chuma juu ya jiko ukianza kuwa mwekundu, polepole, kutoka katikati. Mgeni mmoja mzee akauliza kama imeshawaka. Phelister akamwambia arudi nyuma hatua mbili, kisha akaweka kikaango, nikamtupia chapati ya kwanza. Iliiva ikiwa nyeupe kiasi, kwa maana moto ule una mvuke mwingi, na bado hatujajua vizuri kuutawala. Walikula wote waliobaki.

Kweyu alisimama kutangaza na nywele zake zikiwa bado na jipsam. Alizunguka sana kwa maneno. Alisema utaratibu, alisema viwango. Kate akamkatiza kwa upole.

"Mwenyekiti, mimi nilichora hili jiko. Leo asubuhi nilikuwa barabarani, na kidude changu kilikuwa kijani. Mtu pekee aliyejua ni huyu. Cheti tutamtafutia. Atafanya mtihani wa ufundi wa serikali mwezi wa kumi na moja, nimeshauliza, wanapokea kwa uzoefu. Nikiwekewa mtu mwingine kabla ya hapo, sitasaini kwamba jiko ni salama."

Bila saini hakuna jiko. Kweyu alilielewa hilo upesi, maana ni karatasi. Akatangaza jina la Phelister Akech, mwendeshaji, na sisi tukapiga vigelegele tukikohoa vumbi.

Mtihani amefanya, amefaulu, sehemu ya kuandika kwa shida na sehemu ya mikono kwa alama za juu hivi kwamba msimamizi alizisoma mara mbili. Gesi ya maji bado ina ukaidi wake. Wiki mbili za Julai tulirudi kwa mitungi kwa sababu jua lilikataa kabisa, na chujio la maji limebadilishwa mara mbili. Lakini asubuhi hatukohoi, na wanawake wa vikundi vingine viwili wameshakuja kuuliza.

Wiki iliyopita Kweyu alileta wageni wengine bila taarifa, magari matatu, saa tano juani. Phelister alikuwa katikati ya kukagua. Akatoka mlangoni na brashi mkononi, akawasalimu wote vizuri, akawaambia wangoje hapo nje, simu wazime, hajamaliza. Kweyu akawageukia wageni wake akawaeleza kwamba hapa haingii mtu kabla mwendeshaji hajasema. Aliieleza kama kanuni aliyoitunga yeye.

Wakangoja. Nikawapelekea viti.